Mkandarasi anapoingia ikulu ya jimbo: kisa cha Bill Lee wa Tennessee

Tarehe 2 Agosti 2018, wafuasi wa chama cha Republican katika jimbo la Tennessee, Marekani, walipiga kura ya mchujo kumpata mgombea wao wa ugavana. Vigogo hawakukosekana. Diane Black alikuwa mbunge katika bunge la taifa, na makamu wa rais Mike Pence alikuwa ametangaza kumuunga mkono. Randy Boyd alikuwa tajiri aliyejijenga kwa kuuza vifaa vya mbwa na paka, na Beth Harwell alikuwa spika wa baraza la wawakilishi la jimbo. Hakushinda hata mmoja wao. Aliyeibuka ni Bill Lee, mwenye kampuni ya mabomba, viyoyozi na umeme wa majengo, mtu ambaye hakuwahi kuchaguliwa kushika cheo chochote. Novemba mwaka huo alimbwaga Karl Dean wa Democratic kwa karibu asilimia 60 ya kura, na tarehe 19 Januari 2019 akaapishwa.

Mtu wa kwetu akisikia habari hiyo huwa na swali moja, tena la haki kabisa. Mkandarasi anaishi kwa zabuni. Serikali ndiyo mteja mkubwa wa zabuni. Sasa mkandarasi akiwa ndiye mkuu wa serikali, si tumemkabidhi fisi bucha?

Nalichukulia swali hilo kwa uzito, kwa sababu nimeona watu wengi wakilijibu harakaharaka. Wengine husema “wote ni wezi tu”, wengine husema “mfanyabiashara hana njaa, hataiba”. Majibu yote mawili yanaturuhusu kuacha kutazama, na ukandarasi una mianya ambayo haionekani mpaka uitazame kwa karibu.

Kwanza tuelewane kuhusu neno jimbo. Kwetu jimbo ni eneo linalowakilishwa na mbunge mmoja. Marekani jimbo ni kama nchi ndani ya nchi. Lina katiba yake, bunge lake, mahakama zake na hazina yake. Tennessee ina jambo la ziada: katika serikali ya jimbo, gavana ndiye mtendaji pekee anayechaguliwa na wapigakura wa jimbo zima. Mwanasheria mkuu huteuliwa na Mahakama ya Juu ya jimbo, na mweka hazina huchaguliwa na bunge. Idara ya barabara, magereza, hifadhi za jimbo na maofisa wengi wanaosaini malipo wako chini ya gavana. Na mambo haya hayako mbali nasi sana. Nashville, makao makuu ya jimbo, ina Wakongo waliofika kama wakimbizi na bado wanaongea Kiswahili majumbani. Mwishoni mwa 2019, utawala wa Rais Trump ulipowataka magavana waseme kama wanaridhia wakimbizi waendelee kuletwa majimboni mwao, Lee aliandika kwamba anaridhia, ingawa vinara wa chama chake bungeni hawakupendezwa.

Turudi kwenye kampuni. Lee Company ilianzishwa 1944 na babu yake, na makao yake yako Franklin, kusini mwa Nashville. Bill Lee alisomea uhandisi wa mitambo katika chuo kikuu cha Auburn, akarudi nyumbani, na 1992 akawa rais wa kampuni. Alipoingia kwenye siasa, kampuni ilikuwa na wafanyakazi zaidi ya 1,000.

Aina ya ukandarasi wanaoufanya ina maana kubwa hapa. Tukisema mkandarasi, wengi tunaona greda na moramu, au jengo la ghorofa lenye majukwaa ya mirunda. Lee hakuwa mkandarasi wa namna hiyo. Ingia kwenye korido ya hospitali yoyote kubwa, panda ngazi, sukuma kipande kimoja cha dari. Utaona bomba pana la bati linalopitisha hewa, limefungwa kitambaa cha kuzuia joto. Chini yake yamelala mabomba ya maji ya moto na ya baridi, kila moja na mshale wa rangi unaoonyesha maji yanakokwenda, na kando yake trei ya nyaya za umeme. Hayo yote ni kazi ya mkandarasi wa mitambo. Mjenzi wa kuta akimaliza hukabidhi funguo na kuondoka, ila huyu hamalizi. Kiyoyozi kinahitaji kusafishwa, pampu inakufa, bomba linavuja usiku wa manane. Kwa hiyo mbali na mkataba wa kujenga, anakuwa na mkataba wa matengenezo unaohuishwa mwaka hadi mwaka. Serikali ya jimbo ina maelfu ya milango, na karibu kila mlango una kiyoyozi nyuma yake. Lee Company ilikuwa na mikataba ya namna hiyo na serikali kabla mwenyewe hajagombea, na wapinzani wake walilitaja jambo hilo kwenye kampeni.

Mgongano wa maslahi wa mtu kama huyu basi hauko kwenye tukio moja la kupewa tenda ya daraja. Umesambaa kwenye vikazi vidogovidogo ambavyo havifiki kwenye habari ya saa mbili.

Kwa nini wakandarasi huvutiwa na siasa za majimbo? Kwa sehemu ni kwa sababu jimbo ndilo linalowabana. Leseni ya ukandarasi Marekani haitolewi na serikali ya taifa. Kila jimbo lina utaratibu wake, kama Tanzania tulivyo na Bodi ya Usajili wa Makandarasi na madaraja yake. Tennessee, kazi ikifika dola 25,000, mkandarasi lazima awe na leseni ya bodi ya jimbo. California kiwango kilikuwa dola 500 kwa miaka mingi, mpaka kilipopandishwa kuwa dola 1,000 kuanzia Januari 2025. Fidia kwa wafanyakazi wanaoumia kazini, muda wa mteja kushtaki nyumba ikipata nyufa, haki ya fundi kuzuia jengo mpaka alipwe, yote hayo huandikwa katika mabunge ya majimbo. Brian Kemp, ambaye naye alitoka kwenye ujenzi wa nyumba na biashara ya viwanja kabla ya kuwa seneta wa jimbo la Georgia na baadaye gavana wake, ni wa mkondo huohuo. Mtu aliyehangaika na vibali miaka nenda miaka rudi hufika siku akasema: acha nikakae upande wa pili wa meza.

Sababu nyingine ni ya kawaida zaidi. Mkandarasi anayeajiri watu 1,000 anajulikana na familia zao. Anaweza kuacha ofisi miezi kadhaa bila biashara kuanguka, na ana fedha zake za kampeni. Lee aliingiza mamilioni ya dola zake mwenyewe, akazunguka wilaya zote 95 za jimbo, na wakati Black na Boyd wakirushiana matangazo ya kuchafuana, yeye alinyamaza akaendelea kusalimia watu.

Alipochaguliwa alitoa ahadi 2. Ya kwanza ilikuwa kuweka mali yake ya biashara katika kile Wamarekani wanachokiita amana kipofu. Ya pili ilikuwa kwamba kampuni haitaingia mikataba mipya na serikali ya jimbo wakati yeye ni gavana. Ya kwanza ndiyo ina jina zuri, na watu wengi huishia hapo.

Amana kipofu hufanya kazi hivi. Unakabidhi mali yako kwa mdhamini asiye ndugu wala mshirika wako. Yeye anaiendesha, anauza anachotaka na kununua anachotaka, na hakuambii. Tuseme una hisa katika makampuni 20. Baada ya mwaka mmoja hujui tena kama bado una hisa za kampuni ya saruji au zimegeuzwa kuwa hisa za benki. Ukiletewa mezani uamuzi unaohusu saruji, hujui ukiupitisha utapata au utapoteza. Upofu huo ndio kinga.

Sasa weka ndani ya amana hiyo kampuni ya familia ya tangu 1944 yenye jina lako ubavuni mwa magari yake. Mdhamini hawezi kuiuza kimyakimya na kununua kitu kingine bila wewe na mji mzima kujua. Maadamu haijauzwa, unajua kilichomo ndani ya sanduku. Hujui hesabu za mwezi huu, hupigi simu kuagiza nani aajiriwe, lakini unajua kwamba kampuni ikistawi, utakuta mali imestawi siku utakapotoka ofisini.

Tennessee ilikuwa imeliona jambo hili kabla ya Lee. Gavana aliyemtangulia, Bill Haslam, anatoka kwenye familia iliyokuwa ikimiliki Pilot, mtandao mkubwa wa vituo vya mafuta kandokando ya barabara kuu. Haslam aliweka uwekezaji wake mwingine kwenye amana kipofu lakini hisa za Pilot akaziacha nje, kwa hoja kwamba kila mtu anajua anazimiliki, hivyo kuziita zimefichwa hakuna maana. Alilaumiwa sana kwa hilo. Mimi naona hoja yake ilikuwa ya kweli kuliko lawama aliyopata, ingawa ukweli huo haukumaliza tatizo. Ulilionyesha tu.

Kwa mkandarasi, kinga yenye meno ni ile ahadi ya pili. Kampuni isiposhindania kazi mpya za jimbo, gavana hawezi kuipendelea katika kazi za jimbo hata akitaka. Ahadi hiyo inapimika pia. Mwandishi wa habari anachukua orodha ya malipo ya serikali, anatafuta jina la kampuni, anaangalia tarehe. Amana haipimiki hivyo, kwa kuwa karatasi zake ziko kwa mdhamini. Ukisikia mgombea mwenye kampuni ya ujenzi anajivunia amana kipofu, muulize kwanza kama kampuni itaendelea kuomba tenda za serikali. Jibu la swali hilo lina uzito kuliko jina la mdhamini.

Lakini hata hapo tumeziba mlango mmoja tu, ule wa kujipa mwenyewe. Historia ya Marekani inaonyesha kwamba magavana walioangushwa kwa mambo ya ukandarasi mara nyingi hawakuwa wakandarasi kabisa.

Mfano mkubwa ni Spiro Agnew. Alikuwa mwanasheria. Aliongoza wilaya ya Baltimore, kisha akawa gavana wa Maryland kuanzia 1967, na 1969 akawa makamu wa Rais Nixon. Wapelelezi waligundua kwamba tangu enzi za Baltimore alikuwa akipokea fedha taslimu kutoka kwa makampuni ya uhandisi yaliyopewa kazi za umma, mara nyingi asilimia 5 hivi ya malipo, na kwamba bahasha ziliendelea kumfikia hata alipokuwa makamu wa rais. Tarehe 10 Oktoba 1973 alijiuzulu, hakupinga shtaka la kukwepa kodi, akatozwa faini ya dola 10,000. Miaka kadhaa baadaye mahakama ilimwamuru alirudishie jimbo dola 147,500 pamoja na riba.

Kwa nini wahandisi, si wajenzi? Tofauti hiyo inaeleza mengi. Zabuni ya kujenga kwa kawaida hushindaniwa kwa bei. Bahasha zimefungwa kwa lakiri, zinafunguliwa saa iliyotangazwa mbele ya wazabuni wote, bei zinasomwa kwa sauti, na kila mtu anaandika kwenye daftari lake. Mwenye bei ya chini aliyetimiza masharti anapewa. Aliyewahi kukaa kwenye chumba kile anajua kimya kinachokuwepo bahasha ya mwisho inapofunguliwa. Kazi ya uhandisi na usanifu haikushindaniwa hivyo. Mhandisi alichaguliwa kwa sifa zake, na kuna mantiki ndani yake, kwa sababu hakuna anayetaka daraja lililochorwa na mtu wa bei rahisi kuliko wote. Ila uchaguzi wa sifa unamwachia kiongozi uhuru wa kusema “nampenda huyu”. Kwenye uhuru huo ndiko asilimia 5 ya Agnew ilikokaa.

Halafu kuna John Rowland wa Connecticut. Yeye naye hakuwa mkandarasi. Alikuwa na nyumba ndogo ya mapumziko kando ya ziwa Bantam, na ikahitaji ukarabati. Kazi ikafanyika. Baadaye ikajulikana kwamba sehemu ya ukarabati ule ililipiwa na wengine, wakiwemo watumishi waliokuwa chini yake na mkandarasi mwenye mikataba mikubwa na jimbo. Desemba 2003 alikiri kwamba alikuwa amedanganya kuhusu nani alilipa. Akaachia ugavana Julai 2004, na 2005 akahukumiwa kifungo cha mwaka mmoja na siku moja, akatumikia miezi 10.

Kisa hiki kinanigusa kwa udogo wake. Hatuzungumzii mamilioni yaliyofichwa ng'ambo, tunazungumzia kibanda cha mapumziko. Mtu anayejenga anajua namna kazi ya siku 3 inavyoweza kufanywa bila ankara: vijana walikuwa karibu, mabati yalibaki kwenye saiti nyingine, fundi alikuwa na nafasi Jumamosi. Rushwa ya ujenzi si lazima ije na bahasha. Huja kama ukarimu wa fundi.

Connecticut ilijibu kwa sheria. Mwishoni mwa 2005 bunge lake lilipiga marufuku wakuu wa makampuni yenye mikataba na jimbo, pamoja na wenzi wao wa ndoa, kuchangia kampeni za ngazi ya jimbo, na likaanzisha mfuko wa umma wa kugharimia wagombea. Sheria ilipingwa mahakamani, na 2010 mahakama ya rufaa ya taifa ikaacha marufuku ile ya michango ya wakandarasi iendelee kusimama. Serikali ya taifa ilikuwa na marufuku kama hiyo tangu 1940.

Tumemwangalia gavana muda mrefu, lakini wakandarasi wengi wanaogombea kwenye majimbo hawaombi ugavana. Wanaomba ubunge wa jimbo, na huko tatizo lina sura nyingine kwa sababu ubunge huo kwa kawaida si kazi ya kutwa. Bunge la Texas hukaa kikao cha siku 140 katika kila miaka 2 na mbunge hulipwa dola 600 kwa mwezi. New Hampshire ina wabunge 424, na tangu 1889 katiba yake inawapa dola 200 tu kwa kipindi kizima cha miaka 2. Tennessee wabunge hukutana kuanzia Januari hadi majira ya kuchipua, kisha hurudi makwao. Huwezi kumwambia mtu unayemlipa dola 100 kwa mwaka afunge kampuni yake. Asubuhi anapiga kura kuhusu leseni za mafundi, wiki inayofuata yuko saiti na kofia ngumu.

Kwa hiyo sheria za majimbo mengi huchora mstari hivi: kama muswada unagusa wakandarasi wote kwa usawa, mbunge mkandarasi anaweza kupiga kura, pengine baada ya kutamka wazi kwamba ana maslahi. Kama unamgusa yeye au kampuni yake peke yake, akae pembeni. Mstari huo una hekima yake, maana bila hivyo mkulima asingepiga kura kuhusu mbolea wala mwalimu kuhusu shule. Ila unaacha wazi mlango wa maslahi ya fani nzima. Mwaka 2019 Lee alisukuma sheria ya kupanua mafunzo ya ufundi shuleni na vyuoni, na 2023 akapata dola bilioni 3.3 kwa ajili ya barabara na sheria iliyoruhusu makampuni binafsi kujenga njia za kulipia kando ya zile za bure. Kampuni yake si ya barabara, na vijana wa Tennessee wanahitaji ufundi kweli. Sioni wizi hapo. Naona mtu aliyelelewa kwenye mabomba na mitambo akiitazama dunia kwa macho ya mitambo. Mgombea wa namna hii humchagui bila vipaumbele vyake, na kutangaza mali hakumpunguzii hata kimoja.

Ujuzi huo una faida ambayo haisemwi vya kutosha. Fedha za umma katika ujenzi hupotea zaidi baada ya zabuni kufungwa. Fikiria ukarabati wa bafu za gereza. Mkataba umesainiwa kwa bei iliyosomwa hadharani. Siku ya tisa fundi anavunja ukuta na kukuta bomba la chuma limeoza mpaka unaliponda kwa kidole. Halikuwa kwenye michoro. Mkandarasi anaandika barua ya kazi ya nyongeza. Hakuna ushindani tena, kwa sababu yeye ndiye yuko saiti na maji yamefungwa. Bei anaitaja yeye, ofisa anasaini. Nyingine ni ya haki kabisa, bomba limeoza kweli. Nyingine ilijulikana tangu siku ya kwanza, na mkandarasi alishusha bei ya zabuni akijua ataifidia ukutani.

Mwanasheria akiletewa karatasi ile anaona takwimu. Mtu aliyeandika karatasi kama zile kwa miaka zaidi ya 20 anajua bomba la inchi 4 linabadilishwa kwa saa ngapi na mafundi wangapi. Anaweza kuutumia ujuzi huo kuilinda hazina, au kuwaonyesha rafiki zake pa kupitia. Majimbo mengi sasa huweka mikataba na malipo kwenye tovuti zao, kwa hiyo anayetaka kujua ni lipi kati ya hayo linatokea aangalie jumla ya fedha zilizolipwa mpaka mwisho, ailinganishe na bei iliyosomwa siku ya kufungua bahasha, kisha atafute jina la ofisa aliyesaini kila nyongeza.